Mbio Zisizo na Mshindi

Mwaka 1979 ulipokuwa unaelekea ukingoni, katika mji mdogo wa Port Coquitlam, magharibi kabisa ya Kanada, kijana wa miaka 21 alimfunulia mama yake jambo alilokuwa amelificha kwa miezi mingi. Nyumbani walijua kwamba anakimbia kila siku. Alikuwa amewaambia ni maandalizi ya marathoni. Sasa akasema anataka kuivuka nchi nzima, kutoka bahari hadi bahari, akichangisha fedha za utafiti wa saratani. Mguu wake wa kulia ulikuwa umekatwa juu ya goti miaka miwili na nusu kabla. Mama, Betty Fox, alimwona kama aliyerukwa na akili, na hakumficha. Baba, Rolland, alipopata habari alichotaka kujua ni lini.

Terry Fox leo ana sanamu, barabara, shule na hata mlima vinavyobeba jina lake. Habari yake husimuliwa kama habari ya shujaa mmoja, na sitabishana na wanaoisimulia hivyo. Ila yeye alikimbia siku 143. Wazazi wake na ndugu zake wamezishika mbio zile kwa zaidi ya miaka 40, na hapo ndipo ilipo sehemu ambayo haijasimuliwa vya kutosha: namna mchango uliozaliwa ndani ya nyumba moja ulivyokua ukawa wa mamilioni ya watu bila kuuzwa.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kawaida. Fred alikuwa kifungua mimba. Terry, aliyezaliwa Winnipeg tarehe 28 Julai 1958, alimfuata. Akaja Darrell, kisha Judith, kitinda mimba. Baba alifanya kazi ya kupanga mabehewa katika shirika la reli la taifa. Ilikuwa familia ya wabishi, watu wasiopenda kushindwa hata katika mchezo wa sebuleni. Terry alipoingia sekondari alikuwa mfupi kuliko wenzake na hakuwa na kipaji cha mpira wa kikapu, mchezo alioupenda kuliko yote. Kocha akamshauri ajaribu mbio ndefu. Hakutaka. Katika timu ya wachezaji 19 yeye alikuwa wa 19, na msimu mzima alichezeshwa dakika moja. Miaka michache baadaye alikuwa miongoni mwa wanaoanza mechi, na mwaka 1976 alipojiunga na Chuo Kikuu cha Simon Fraser alipata nafasi katika timu ya vijana ya chuo.

Novemba mwaka huohuo gari alilokuwa akiendesha liligonga pikapu kwa nyuma. Goti la kulia likabaki linauma, naye akalivumilia ili msimu wa kikapu umalizike. Kijana anayecheza kila siku hakosi sababu ya goti kuuma. Machi 1977 maumivu yalimzidi, na hospitali ikagundua osteosakoma, saratani ya mfupa ambayo huwapata zaidi watoto wakubwa na vijana walio katika miaka ya kurefuka, na mara nyingi huanzia karibu na goti. Madaktari hawakuihusisha na ile ajali, ingawa mwenyewe aliendelea kuamini kwamba ilichangia. Mguu ulikatwa tarehe 9 Machi, akiwa na miaka 18. Usiku wa kuamkia upasuaji, kocha wake wa zamani alimletea jarida lenye habari za Dick Traum, Mmarekani aliyekuwa amemaliza marathoni ya New York kwa mguu wa bandia. Kocha alitaka tu kumchangamsha.

Kilichofuata kilidumu miezi 16: kwenda na kurudi hospitali ya saratani ya Vancouver, kutundikiwa dawa, kutapika, nywele kunyonyoka. Wodini alikuwa pamoja na wagonjwa wadogo kuliko yeye. Aliwasikia wakilia, na baadhi yao hawakutoka hai. Yeye alikuwa ameambiwa kwamba ana nusu kwa nusu ya kupona. Kilichomganda akilini ni maelezo yaliyoandamana na habari hiyo: mgonjwa kama yeye, miaka miwili tu kabla, angeambiwa asilimia 15. Kati ya 15 na 50 kulikuwa na kazi ya watu, na kazi ile ilikuwa imelipiwa na mtu fulani. Terry alitoka hospitali akijiona mwenye deni.

Watu waliomwekea deni hilo walikuwa wengi, na njia yao ilipita mbali na Vancouver. Inafaa tuifuate kidogo, kwa sababu bila hiyo mtu hawezi kuelewa kwa nini kijana huyu alichagua neno “utafiti” badala ya kuomba fedha za vitanda au za kuwafariji wagonjwa.

Mwaka 1947, katika hospitali ya watoto ya Boston, daktari Sidney Farber alianza kuwajaribia watoto wenye saratani ya damu dawa zinazoinyima chembe vitamini ya foliki. Zilitoka katika maabara za kampuni ya Lederle, kwenye kazi iliyoongozwa na Yellapragada Subbarow, mwanasayansi aliyezaliwa India. Farber alipochapisha matokeo mwaka 1948, alieleza habari za watoto 16 waliopewa aminopterin, na 10 kati yao walikuwa wamepata nafuu. Ilikuwa nafuu ya muda, ugonjwa ukarudi. Lakini kabla ya hapo mtoto mwenye saratani ile kali ya damu alikuwa akifa ndani ya wiki au miezi, na daktari hakuwa na la kufanya. Mwaka huohuo, mwezi Mei, kipindi cha redio kilirushwa kutoka kitandani kwa mtoto mgonjwa aliyefichwa jina na kuitwa Jimmy, wachezaji wa timu ya besiboli ya Boston Braves wakimiminika chumbani kwake, na wasikilizaji wakachanga zaidi ya dola 200,000. Mfuko wa Jimmy ungalipo mpaka leo. Utafiti wa saratani za watoto, tangu siku zake za mwanzo, umekwenda na bakuli la mchango mkononi.

Aminopterin ilifuatiwa na ndugu yake, methotrexate, na hiyo ikafika mpaka Kampala. Huko Mulago, mwaka 1957, daktari wa upasuaji Denis Burkitt, Mwairelandi aliyepoteza jicho moja utotoni, aliitwa amtazame mtoto mwenye uvimbe wa ajabu kwenye mataya. Muda si mrefu akakutana na mwingine Jinja. Akaanza kuuliza. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu la Ford na kuzunguka kiasi cha maili 10,000 katika Afrika ya mashariki na ya kati, wakipita hospitali hadi hospitali, wamebeba picha za watoto na swali lao moja: ugonjwa huu mnauona hapa? Kampala haikuwa na mashine ya kutibu kwa mionzi, na upasuaji wa taya lile haukusaidia, hivyo Burkitt akajaribu dawa, methotrexate ikiwamo. Uvimbe wa baadhi ya watoto uliyeyuka kwa siku chache, na wapo waliopona moja kwa moja. Mwaka 1967 pale Mulago kikafunguliwa kituo kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Kwa watafiti wa Ulaya na Marekani waliokuwa bado na shaka, watoto wa Uganda walikuwa miongoni mwa ushahidi wa mwanzo kwamba saratani yaweza kuondolewa kwa dawa.

Kutoka hapo hadi kwenye goti la Terry Fox ilibaki hatua moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Norman Jaffe, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa Boston, aliwapa wagonjwa wa osteosakoma methotrexate kwa kiwango ambacho kingeua, kisha akawafuatishia dawa ya kuziokoa chembe nzima za mwili. Matokeo yalichapishwa mwaka 1974. Wakati huohuo wengine walikuwa wakijaribu dawa nyekundu iitwayo doxorubicin. Wataalamu walibishana kwa miaka kadhaa baadaye kama kweli dawa ndizo zilizobadili mambo, mpaka majaribio ya miaka ya 1980 yakamaliza ubishi. Kijana wa Port Coquitlam hakusubiri ubishi uishe. Yeye alikuwa hai.

Alianza kwa kiti cha magurudumu, akicheza kikapu katika timu aliyoitiwa na Rick Hansen, na timu hiyo ikatwaa ubingwa wa taifa mara tatu naye akiwamo. Kisha akajifunza kukimbia. Mguu wa bandia wa wakati ule ulikuwa na springi ambayo haikuwahi kurudi mahali pake kwa mwendo wa mbio, hivyo akabuni mwendo wake: hatua moja ya mguu wa chuma, kisha miruko miwili ya mguu mzima. Kigutu kilivimba, kikachubuka, kikatoa damu. Mwishoni mwa kiangazi cha 1979 alishiriki mashindano ya kilomita 27 huko Prince George. Alimaliza wa mwisho, dakika 10 nyuma ya aliyemtangulia, na watu walikuwa wamemsubiri. Ndipo alipofungua kinywa nyumbani.

Mama Betty alikasirika, kisha akaja upande wake, na kuanzia hapo hakurudi nyuma. Siku ya Krismasi alimwomba mwanawe apumzike, naye akakubali.

Barua aliyoliandikia Shirika la Saratani la Kanada mwezi Oktoba ilieleza wodi ile na watoto aliowaacha nyuma. Alisema hawezi kuondoka hospitali na kuendelea na maisha kana kwamba hakuona kitu. Shirika halikuamini sana. Likamtaka kwanza apimwe moyo, na likamwambia atafute wadhamini mwenyewe. Ford wakatoa gari la kulala, Imperial Oil mafuta, Adidas viatu. Hapo, kabla hata ya hatua ya kwanza, iliwekwa sheria ambayo familia imeishi nayo tangu siku hiyo: kampuni iliyotaka atangaze bidhaa zake ilikataliwa, mchango wenye masharti ulikataliwa, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kupata faida. Anayejua jinsi mbio za hisani za mijini kwetu zinavyoandaliwa, fulana zimejaa nembo mpaka jina la ugonjwa halionekani, atajua ugumu wa sheria hiyo kwa kijana asiye na senti.

Tarehe 12 Aprili 1980, mjini St. John's, Newfoundland, alichovya mguu wa bandia katika Atlantiki na kuanza. Aliyeendesha gari, kupika na kufua alikuwa Doug Alward, rafiki yake wa tangu shule. Watu waliojitokeza siku za mwanzo walihesabika. Upepo ulikuwa mkali, theluji na mvua vikapokezana. Terry aliamka alfajiri, akakimbia hadi karibu adhuhuri, akalala kidogo, akakimbia tena. Lengo lilikuwa kilomita 42 hivi kwa siku, yaani marathoni kila siku. Mjini Port aux Basques, wenyeji wasiozidi 10,000 walichanga zaidi ya dola 10,000, na hapo ndipo hesabu mpya ikamjia: kama kila Mkanada akitoa dola moja. Wakanada walikuwa milioni 24.

Wasimulizi huipita haraka sehemu inayofuata, nami naiona ndiyo iliyookoa safari. Kufika Nova Scotia, Terry na Doug walikuwa hawasemezani. Mmoja alikuwa na maumivu asiyotaka kuyasema, mwingine alilazimika kuyakisia siku nzima akiwa nyuma ya usukani. Wazazi walifunga safari kuvuka nchi nzima, wakakaa na wale vijana wawili katika gari, wakawasikiliza. Kisha wakampeleka Darrell, mwenye miaka 17, aliyekatisha mwaka wake wa mwisho wa shule ili awe mtu wa kati. Kazi ya Darrell ilikuwa kumchekesha kaka yake, kupokea fedha zilizopitishwa madirishani mwa magari, na kunyamaza inapobidi. Ndivyo mbio za mtu mmoja zilivyokuwa mbio za familia, kwa sababu ya ugomvi wa ndani ya gari.

Quebec ilikuwa ngumu; hakuna kati yao aliyejua Kifaransa vizuri, na madereva walimsukumia pembeni ya barabara. Walipofika Montreal, tarehe 22 Juni, theluthi ya njia ilikuwa imekwisha na mfuko ulikuwa na kiasi cha dola 200,000. Huko wakakutana na mkono wa Isadore Sharp, mwanzilishi wa hoteli za Four Seasons. Sharp alikuwa amefiwa na mwanawe kwa saratani ya ngozi miaka miwili tu kabla. Aliwapa malazi, akaahidi dola mbili kwa kila maili, kisha akazishawishi kampuni nyingine karibu 1,000 zifanye vivyo hivyo. Mzazi aliyefiwa alimwelewa kijana huyu upesi kuliko maofisa.

Ontario ikafunguka. Bendi ya tarumbeta ilimpokea mpakani, polisi wakamsindikiza, na tarehe 11 Julai watu 10,000 wakajaa katika uwanja wa Nathan Phillips mjini Toronto, ambako mchezaji nyota wa hoki Darryl Sittler alimvalisha jezi yake mwenyewe. Siku hiyo moja zilikusanywa dola 100,000. Kwa Terry mwenyewe, hata hivyo, siku kubwa ilikuja wiki kadhaa baadaye, kaskazini ya Ziwa Superior, kwenye barabara ya milima na misitu ambako miji ni midogo. Mvulana wa miaka 10, aliyekatwa mguu kwa saratani ya mfupa kama yeye, alikuja kumfuata kwa baiskeli kiasi cha maili sita. Wakaogelea pamoja ziwani, vigutu vyao viwili wazi mbele ya watu. Terry aliwaambia waandishi kwamba hiyo ndiyo siku iliyomgusa kuliko zote, akalia alipokuwa akisema. Mtoto huyo hakufika utu uzima.

Tarehe 1 Septemba, nje kidogo ya Thunder Bay, kikohozi na maumivu ya kifua vilimsimamisha. Alikimbia maili nyingine moja hivi, mpaka mahali ambapo hapakuwa na watu wa kumtazama, akaingia kwenye gari na kumwomba Doug ampeleke hospitali. Saratani ilikuwa imehamia mapafuni. Alikuwa amekimbia kilomita 5,373, zaidi ya nusu ya njia. Wazazi walifika, na kesho yake, akiwa amelazwa kwenye machela mbele ya kamera, akawaeleza Wakanada kwamba anarudi nyumbani kwa matibabu. Wapo waliojitolea kummalizia njia. Alikataa, alisema atarudi aimalize mwenyewe.

Mfuko ulikuwa na dola milioni 1.7. Wiki moja hivi ilipopita, televisheni ya CTV ikaandaa harambee ya saa tano na kupata milioni 10.5, milioni moja moja kati ya hizo zikitoka serikali za British Columbia na Ontario. Watoto walichangisha shuleni. Tarehe 1 Februari 1981 fedha zilifika milioni 24.17, na ile hesabu ya dola moja kwa kila Mkanada, aliyoianza barabarani, ikawa imetimia. Alikuwa amekwisha kupewa nishani ya juu ya nchi akiwa mdogo kuliko wote waliowahi kuipokea. Tarehe 28 Juni 1981 alifariki katika hospitali ya New Westminster, familia ikiwa kando yake, mwezi mmoja kabla ya kutimiza miaka 23.

Mara baada ya Terry kusimama Thunder Bay, Isadore Sharp alimpelekea telegramu yenye ahadi: kila mwaka zitafanyika mbio kwa jina lake, na hazitakoma mpaka saratani ishindwe. Terry alikubali kwa sharti. Zisiwe mashindano. Asiwepo mshindi, asitunzwe muda wa mtu, kisitolewe kikombe. Anayetaka kutembea atembee, mwenye baiskeli aje nayo, mwenye kiti cha magurudumu aje nacho. Sharti hilo, ukilitazama vizuri, ndilo lililozifanya mbio kuwa za familia. Mashindano yangewaita wakimbiaji. Hizi zikamwita bibi na mjukuu, mtoto anayetoka kwenye dawa na hana nguvu ya kufika mbali, mzazi anayesukuma kigari. Mbio za kwanza, tarehe 13 Septemba 1981, zilifanyika katika vituo zaidi ya 760 nchini Kanada. Watu 300,000 walijitokeza, na zikapatikana dola milioni 3.5.

Kisha ikaja kazi isiyo na picha. Mama aliyesema kwamba jambo hili ni wazimu ndiye aliyelishika. Betty Fox hakuwa mzungumzaji wa jukwaani. Alijifunza akiwa na majonzi, shule baada ya shule, mbele ya watoto waliokaa sakafuni kumsikiliza. Miaka saba baada ya kifo cha mwanawe, mwaka 1988, Mfuko wa Terry Fox ulijitenga na Shirika la Saratani na kusimama peke yake, familia ikiwa ndani. Darrell, yule wa garini, aliuongoza kwa miaka mingi. Fred alizunguka kuusemea. Judith alishika mbio za nchi za nje.

Kwa wafanyabiashara, familia hii ilikuwa na sifa ya ugumu. Hapana ilikuwa hapana. Jina la Terry halikukodishwa kwa faida ya kampuni. Hakuna ada ya kujiandikisha, hakuna kiwango cha chini cha mchango. Bila shaka walipoteza fedha kwa msimamo huo; mhasibu yeyote angewaonyesha ni kiasi gani kinaachwa mezani. Nadhani pia kwamba ndio uliowaweka hai. Mbio za hisani nyingi hudumu kadiri mdhamini anavyodumu: akibadilika meneja wa masoko, mbio zimekufa. Hizi hazikuwa na mdhamini wa kuondoka. Zilikuwa na walimu wa shule, ambao kila Septemba wanapata darasa jipya la kusimuliwa habari ileile, na watoto wale wakarudi nyumbani na sarafu za kuomba.

Mwaka 2005 serikali ilitoa sarafu ya dola moja yenye sura yake. Februari 2010, Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ilipofunguliwa Vancouver, Betty alikuwa mmoja wa watu wanane walioingia na bendera. Alifariki Juni mwaka uliofuata. Mzee Rolland alimfuata mwaka 2016. Watoto wakaendelea.

Mbio zimevuka mipaka, na katika nchi nyingi fedha zinazopatikana huelekezwa kwenye utafiti wa nchi ileile. Waswahili wanaoishi Dubai na Abu Dhabi wanazijua, kwani huko zimewahi kuvuta maelfu ya watu. Kampala, mji wa Burkitt, ina zake ambazo hazina uhusiano na familia ya Fox: tangu 2012 vilabu vya Rotary vya Uganda huandaa mbio za kila mwaka, na fedha zake zimekwenda kwenye matibabu ya saratani katika Hospitali ya Nsambya. Wazo lenyewe halina hatimiliki.

Fedha zilizokusanywa kwa jina la Terry Fox zimezidi dola milioni 850 za Kanada. Mwaka 2007 ilianzishwa taasisi ya utafiti inayobeba jina lake, yenye makao Vancouver, na moja ya kazi zake imekuwa mradi wa nchi nzima uitwao PROFYLE, kwa ajili ya watoto na vijana ambao saratani yao imerudi au imeikataa tiba. Uvimbe wa kila mtoto husomwa vinasaba vyake, na wataalamu wa hospitali mbalimbali wakatazama kwa pamoja kama ipo dawa, hata iliyotengenezwa kwa ugonjwa mwingine, inayolingana na kasoro waliyoikuta.

Wodi aliyotoka Terry Fox isingetambulika leo. Katika nchi tajiri, mtoto mwenye ile saratani ya damu iliyomsumbua Farber ana karibu asilimia 90 ya kupona. Katika nchi nyingi maskini, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, wanaopona saratani za utotoni kwa jumla hawafiki 30 katika 100, mara nyingi kwa sababu ugonjwa haukutambuliwa mapema au dawa, zilezile za miaka mingi, hazikufika. Na osteosakoma? Siku hizi wagonjwa wengi hawakatwi mguu; mfupa mgonjwa hutolewa na chuma kikapachikwa badala yake. Ugonjwa ukikutwa ungali mahali pamoja, theluthi mbili hivi hupona. Ukiwa umekwisha kuhamia mapafuni, kama ulivyofanya Thunder Bay, wanaopona ni wachache, na hesabu hizo hazijasogea sana tangu miaka ya 1980. Dawa tatu zinazotumika zaidi ni cisplatin na zile mbili ambazo madaktari walikuwa nazo mwaka 1977: methotrexate na doxorubicin.